MUTOTO MWENYE ASMA ANAWEZA KUKIMBIA

Somo kwa wamama wanaokuja siku ya kupima watoto



Somo hili ni la mama mwenye mutoto ambaye kifua kinamubana na kulia kama filimbi. Ni la baba pia, na la bibi, na la mama mukwe, maana hao wote wanakata shauri ndani ya nyumba. Kama wewe mwenyewe unasoma, uwasomee wengine. Kama hausomi, omba mutoto wa masomo akusomee polepole.

Kuna watoto wengi wanaofungwa ndani ya nyumba juu ya kifua. Wanatoshwa ku masomo. Wanakatazwa mupira, wanakatazwa kucheza ngoma, wanakatazwa kuteka maji. Watu wanasema: "Huyu ni wa kukaa tu." Na kuna watoto wengine wanaoachwa bila kuangaliwa, mpaka usiku mumoja pumzi inakatika njiani kabla ya kufika hospitali. Njia hizi mbili ni mbaya. Tunataka kukuonyesha njia ya tatu.

1. ASMA NI NINI?

Ugonjwa huu wengine wanauita asma, wengine pumu. Ni jambo moja.

Ndani ya mapafu kuna mirija mingi ya kupitisha hewa. Inagawanyika kama matawi ya muti, mpaka inakuwa midogo sana. Kwa mutu mwenye asma, mirija hii inakasirika upesi. Ikikasirika, mambo matatu yanafanyika pamoja:

Moja: nyama zinazozunguka murija zinakaza, kama kamba inayofunga mudomo wa mufuko.

Mbili: ngozi ya ndani ya murija inavimba.

Tatu: murija unatoa makohozi mazito yenye kunata.

Basi njia ya hewa inakuwa ndogo. Hewa inaingia kwa shida, na inatoka kwa shida zaidi. Ndiyo sababu ile filimbi inasikika sana wakati mutoto anatoa pumzi.

Ukitaka kujua mutoto anasikia nini, fanya hivi. Kata bua la jani la boga, safi, lenye tundu kubwa, upumue kwalo tu mara tano. Kisha chukua bua jembamba la nyasi, upumue kwalo mara tano. Utaona. Mutoto mwenye asma iliyomushika anapumua kwa lile bua jembamba, na hawezi kulitosha mudomoni.

Asma inajulikana namna gani? Kifua kinabana, kisha kinaachilia, kisha kinarudi tena. Mutoto anakohoa usiku ao karibu na asubuhi. Anakohoa akikimbia, akicheka sana, akipata mafua, akiingia mahali pa moshi. Mara nyingi kuna mutu mwingine wa jamaa mwenye hali hiyo, ao mutoto mwenyewe anawashwa ngozi ao anapiga chafya bila kuisha.

Lakini kila kikohozi si asma. Kikohozi cha majuma mawili ao zaidi, pamoja na kukonda, homa na jasho ya usiku, kinaweza kuwa kifua kikuu. Huo ni ugonjwa mwingine, unaambukiza, na unapona kwa dawa zake. Pumzi ya haraka pamoja na homa inaweza kuwa nimonia. Hesabu pumzi za mutoto kwa saa, dakika nzima, akiwa ametulia. Mutoto wa miezi 2 mpaka miezi 12 akipumua mara 50 ao zaidi, umulete. Mutoto wa mwaka 1 mpaka miaka 5 akipumua mara 40 ao zaidi, umulete. Na mutoto mudogo sana aliyelia filimbi mara moja tu pengine ana mafua tu. Munganga anahitaji kumuona mara kwa mara mbele ya kusema: hii ni asma.

2. UGONJWA HUU UNATOKA WAPI?

Hapa tuongee wazi, kwa sababu neno hili linavunja nyumba nyingi.

Mutoto akishikwa na kifua, jamaa ya baba inasema: "Kwetu hakuna mutu wa kifua. Mama yake ndiye alileta." Wengine wanasema mutoto amepewa sumu, ao kuna mutu anayemuloga. Feza inaenda kwa watu wa kutafuta mulozi, na mutoto anazidi kubanwa.

Asma haitoki kwa sumu wala kwa uchawi. Haiambukizi: mutoto mwenye asma anaweza kula sahani moja na wenzake na kulala nao kitanda kimoja. Asma inafuata uzazi. Sawa vile mutoto anavyopata pua ya baba na macho ya mama, ndivyo anavyopata mirija yenye kukasirika upesi. Inaweza kutoka kwa mama, inaweza kutoka kwa baba, na mara nyingi kila upande umetoa sehemu yake. Mutu anaweza kubeba sehemu hiyo bila kubanwa hata siku moja, lakini anaipitisha kwa mutoto. Kwa hiyo jamaa ikisema "kwetu hakuna", pengine ipo lakini haijaonekana.

Mama ao baba akiwa na asma, mutoto anaweza kuipata zaidi kuliko mutoto wa wazazi wasio nayo. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, inazidi. Lakini hata hivyo watoto wote hawataipata. Na watoto wengine wanaipata pasipo mutu wa jamaa anayejulikana kuwa nayo.

Basi fikiri paa la nyasi wakati wa kiangazi. Uzazi umetoa nyasi kavu. Lakini nyasi kavu peke yake haiwaki, inangoja cheche. Hatuwezi kubadilisha uzazi. Tunaweza kufanya mambo mawili: kufukuza cheche, na kulowesha nyasi kila siku kwa dawa. Hakuna mutu wa kulaumiwa kwa nyasi. Kazi yetu ni cheche na dawa.

3. CHECHE ZA ASMA

Moshi. Huu ni adui wa kwanza. Moshi wa kuni, wa makala, wa taa ya petroli, wa takataka na wa sigara. Pikia inje, ao mahali penye hewa kupita pande mbili. Tumia kuni kavu, maana kuni bichi zinatoa moshi mwingi. Mutoto akae mbali na jiko wakati unawasha moto. Usimubebe mugongoni ukipuliza mbabula. Na mbabula isilale ndani ya chumba cha kulala, hata wakati wa baridi: hewa ya makala inaweza kuua watu wote wa chumba, wenye asma na wasio nayo. Baba anayevuta sigara avutie inje, mbali na dirisha. Kuacha kabisa ni vizuri zaidi.

Vumbi na wadudu wadogo wa matela. Wadudu hawa hawaonekani kwa macho, wanaishi ndani ya matela, mito na bulangeti. Kila juma anika vitu hivi ku jua na kuvipiga inje, mutoto akiwa mbali. Nguo za kitanda zifuliwe kwa maji ya moto. Mbele ya kufagia, nyunyiza maji ao pangusa chini kwa kitambaa chenye maji. Mende pia wanaleta asma: funika chakula na tupa takataka mbali.

Mafua. Kwa watoto wadogo, mafua ndiyo cheche ya mara nyingi. Nawisha mikono, na mutoto apate chanjo zake zote, pamoja na ya surua na ya nimonia.

Hewa ya inchi. Kule Katanga, kiangazi kinaleta vumbi, moto wa pori na moshi wa matanuru ya matofali. Kule Goma watu wanajua mulima Nyiragongo, uliotoka moto mu Januari 2002 na tena mu Mei 2021. Gazi na majivu ya volkano yanabana kifua cha mwenye asma. Siku ya hewa mbaya, mutoto akae ndani, madirisha yafungwe, na dawa yake iwe karibu.

Harufu kali: marashi, rangi ya kupaka nyumba, dawa ya kuua wadudu.

Cheche hazifanani kwa watoto wote. Wewe mama ndiye unajua. Kila mutoto akibanwa, uandike ao ukumbuke: alikuwa wapi? Alifanya nini? Ukija hospitali, utuambie. Neno lako linasaidia munganga.

4. DAWA NI MBILI, NA KAZI ZAO SI MOJA

Mama akielewa sehemu hii, ameelewa nusu ya somo.

Dawa ya kwanza ni ya kufungua. Jina lake ni salbutamol. Inalegeza zile nyama zilizokaza, na ndani ya dakika chache mutoto anapumua. Lakini haiponyeshi uvimbe, na nguvu yake inaisha kisha saa chache.

Dawa ya pili ni ya kulinda. Mara nyingi ni beclometasone ao budesonide. Hii haifungui kifua palepale. Inatuliza uvimbe polepole, siku kwa siku. Ndiyo maji ya kulowesha nyasi. Inatumiwa kila siku, asubuhi na jioni, kama munganga alivyosema, hata mutoto akiwa muzima.

Kosa linaloleta taabu nyingi ni hili: mutoto anapata nafuu, mama anasema, "Amepona, tuache ile ya kila siku, tuchunge feza." Kisha majuma machache uvimbe unarudi kimya kimya, halafu mafua kidogo tu yanamuangusha mutoto. Usiache dawa ya kulinda bila kuongea na munganga. Nafuu ile ndiyo kazi ya dawa.

Dawa hizi zinakuja ndani ya pompa ndogo. Watu wanaogopa pompa. Wanasema inazoeza mutu, ao inaharibu moyo. Hapana, mama. Dawa ya pompa inaenda moja kwa moja mu mapafu, kwa hiyo inatosha kidogo sana. Vidonge vya salbutamol vinapita tumboni kwanza, vinachelewa, na vinatetemesha mikono na kupigisha moyo zaidi. Sindano pia si bora kuliko pompa kwa sababu tu inauma. Na dawa ya kuua mikrobi haisaidii asma, isipokuwa munganga ameona nimonia.

Pompa nyingi zinaandikwa rangi: ya salbutamol mara nyingi ni ya buluu. Lakini rangi zinabadilika kwa wenye kutengeneza. Soma jina, usitegemee rangi.

Uhesabu pompa. Pompa nyingi zina pumzi 200. Kama mutoto anatumia ya kulinda mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, ni 4 kwa siku: itaisha kisha siku 50. Andika siku ya kuanza ku kartasi ya mutoto na uje mbele haijaisha. Pompa iliyoisha inaweza kutoa hewa tupu, na mutu anafikiri ni dawa.

5. CHUPA YA KUSAIDIA

Mutoto hawezi kupuliza pompa na kuvuta pumzi kwa wakati mumoja. Dawa inabaki mudomoni. Hata wakubwa wengi wanashindwa. Kwa hiyo tunatumia chupa ya plastiki ya nusu litri, ile ya maji ya kununua. Huko Cape Town, Afrika ya Kusini, wanganga walipima chupa ya namna hii kwa watoto waliobanwa, na mu mwaka 1999 walitangaza kwamba ilifungua kifua sawa na chombo cha kununua cha fabriki.

Kutengeneza:

Safisha chupa kwa maji na sabuni, uiache ikauke yenyewe bila kuipangusa. Pasha moto chuma chembamba kilichokunjwa sawa na mudomo wa pompa. Toboa matako ya chupa kwa chuma hicho. Tundu liwe sawasawa na mudomo wa pompa, lisiwe kubwa. Ingiza pompa, uzibe pembeni kwa gundi ao plasta ili hewa isipite. Kazi ya moto ifanywe na mukubwa. Mara ya kwanza, puliza pumzi chache za dawa ndani ya chupa mbele ya kumupa mutoto, ili dawa isiendelee kushika ku plastiki.

Kutumia:

Mutoto aketi wima. Tikisa pompa. Mutoto aweke mudomo wa chupa ndani ya mudomo wake na kufunga midomo vizuri. Finya pompa mara moja tu. Mutoto avute na kutoa pumzi polepole mara tano, bila kutosha chupa. Kama dawa ni mara mbili, tikisa tena na uanze upya. Usifinye mara mbili pamoja.

Mutoto muchanga asiyeweza kushika chupa mudomoni anahitaji kifuniko cha pua na mudomo. Ulete chupa yako, tutakuonyesha. Kisha dawa ya kulinda, mutoto asukutue kinywa na kutema, ili vidonda vyeupe visitokee ku ulimi.

Fua chupa kila juma, iache ikauke yenyewe. Ikipasuka, tengeneza mupya.

6. MUTOTO ACHEZE!

Sasa tunafika ku moyo wa somo.

Mutoto mwenye asma anahitaji kukimbia kama wenzake. Mwili unaotumika unapata nguvu, na pumzi inazoea kazi. Mutoto anayefungwa ndani anakuwa muzaifu, anaogopa, anakosa masomo, na kule ndani ndiko kuna moshi na vumbi la matela. Kumufunga si kumulinda.

Kuna mukimbiaji mumoja wa Ethiopia, Haile Gebrselassie. Ana asma. Alishinda mbio ya metre 10 000 ku michezo ya Olimpiki ya Atlanta mu mwaka 1996, na tena ku Sydney mu mwaka 2000. Mu Septemba 2008, kule Berlin, alikimbia maratoni kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 59, na wakati ule hakuna mutu duniani aliyekuwa amekimbia upesi vile. Lakini mwaka ule ule alikataa maratoni ya Olimpiki ya Beijing, kwa sababu hewa ya muji ule ilikuwa chafu na aliogopea kifua chake. Basi tuone mambo mawili ndani ya mutu mumoja: asma haikumukataza kukimbia, na yeye hakuidharau asma.

Fanya hivi kwa mutoto wako:

Aanze polepole. Atembee, kisha akimbie kidogo, dakika 10 mbele ya muchezo wenyewe. Mirija haipendi kushitushwa.

Kama munganga alimwambia, atumie salbutamol karibu dakika 15 mbele ya kucheza.

Asubuhi ya baridi kali, na siku ya vumbi ao moshi, apunguze. Siku ya mafua, apumzike.

Akianza kubanwa katikati ya muchezo, asimame, aketi, atumie dawa ya kufungua. Akipata nafuu kabisa, anaweza kurudi. Asione haya.

Maji abebe, shamba alime, kwa kadiri ya miaka yake, kama watoto wengine. Lakini asitumwe kuchoma makala, kuchoma matofali, ao kusaga mawe ya migodi. Akikua na kutafuta kazi, achague kazi isiyo na vumbi wala moshi.

Nenda kwa mwalimu, umwambie: "Mutoto wangu ana asma. Anaweza kucheza. Akibanwa, fanya hivi na hivi." Umwachie mwalimu kartasi ya munganga, na pompa iwe karibu na mutoto, isifungiwe ndani ya kabati ya direkta.

Na ushike neno hili kuliko yote: kama mutoto anabanwa kila mara akikimbia, dawa ya shida hiyo si kumukataza kukimbia. Ni alama kwamba asma haijatulia. Umulete. Vilevile, mutoto wa masomo akihitaji dawa ya kufungua zaidi ya mara mbili kwa juma, ao akiamka usiku juu ya kifua, umulete. Pengine cheche moja imebaki nyumbani, pengine chupa inatumiwa vibaya, pengine dawa ya kulinda haitoshi. Tutaangalia pamoja.

7. HATARI! USINGOJE ASUBUHI

Asma inaweza kuua. Kimbiza mutoto hospitali, hata usiku, ukiona alama moja ya hizi:

– Hawezi kumaliza maneno. Anasema neno moja, anavuta pumzi. Mutoto muchanga hawezi kunyonya.
– Chini ya mbavu kunaingia ndani kila akivuta pumzi, ao pua inapanuka.
– Ulimi na ufizi unageuka rangi ya buluu ao ya majivu. Angalia ulimi, maana ngozi nyeusi inaficha.
– Analegea, anasinzia, ao anachafuka akili.
– Filimbi imenyamaza lakini mutoto anazidi kuchoka. Usifurahi, mama! Filimbi imenyamaza kwa sababu hewa haipiti tena.
– Dawa ya kufungua haisaidii, ao nafuu haikai hata saa chache.

Njiani fanya hivi: Mutoto aketi wima, asilale, usimufunge mugongoni na kumufunika uso. Legeza nguo. Umupe salbutamol kwa chupa, mara mbili, moja moja, kila moja pumzi tano. Kisha dakika 20, umupe tena mara mbili. Kisha dakika 20 nyingine, tena. Kama kartasi ya munganga inasema hesabu nyingine, fuata kartasi. Lakini usikae nyumbani kuhesabu. Hesabu ukiwa njiani.

Mbele ya siku hiyo, muongee na baba: feza ya pikipiki iko wapi? Nani atabaki na watoto wengine? Jirani gani ana simu? Mambo haya yapangwe muchana, mutoto akiwa muzima.

8. MAULIZO YA WAMAMA

Asma itaisha?
Watoto wengine wanapata nafuu wakikua, hata inaonekana imeisha. Kwa wengine inabaki, na inaweza kurudi ukubwani. Hatuna dawa ya kuing'oa kabisa. Tuna dawa ya kuishi nayo vizuri.

Nimukataze mayai, samaki na karanga?
Hapana, usimunyime chakula bure. Mutoto mwenye asma anahitaji kula vizuri: maharagi, sombe, samaki, mayai, matunda. Kama umeona kwa hakika chakula fulani kinamubana ao kinamuvimbisha, hicho tu uache, na utuambie.

Mimi mwenyewe nina asma, na niko na mimba. Niache pompa?
Usiache. Mama akikosa pumzi, mutoto wa tumboni naye anakosa. Asma isiyotulia ni hatari kwa mimba kuliko pompa. Na ukinyonyesha, endelea kunyonyesha na endelea na pompa.

Bibi anataka kumukata kimeo, kale kanyama ka ndani ya koo.
Mukatalie kwa heshima. Asma haiko ku koo, iko ndani ya mapafu. Kukata kimeo kunaleta damu nyingi na vidonda. Kuchanja kifua kwa wembe hakufungui mirija. Na petroli mutoto asinyweshwe hata tone: ikiingia mu mapafu inayaunguza.

Nikizaa tena, huyo naye atakuwa na asma?
Pengine ndiyo, pengine hapana. Munyonyeshe, umuchunge na moshi tangu tumboni, na umulete kupimwa kama wengine.

9. TUKUMBUKE SOMO

Ukiwa nyumbani, jibu maulizo haya pamoja na bwana wako:

1. Mutoto wetu, cheche zake ni zipi? Juma hili tutaondoa ipi?
2. Dawa gani ni ya kufungua, na gani ni ya kulinda? Gani ni ya kila siku?
3. Pompa yetu ilianza siku gani? Itaisha lini?
4. Mwalimu amejua?
5. Alama za hatari ni zipi? Feza ya njia iko wapi?

Siku ya kupima inayokuja, ulete mutoto, kartasi yake, pompa na chupa yake. Mutoto atatuonyesha yeye mwenyewe namna anavyovuta dawa. Kisha tutamuuliza kama juma lile alicheza mupira.